Nyuzi Nyekundu za Masjala

Masjala ya Hospitali
Machi 3

Chiriku, mdogo wangu,

Usinipigie simu kuhusu barua hii. Ukinipigia utasema "ndiyo dada, ndiyo dada" huku nasikia vidole vyako vinacheza kwenye kompyuta, na tukimaliza hutakumbuka hata nilichokuuliza. Gari la makao makuu linakuja huku kila Alhamisi. Mpe dereva bahasha ataniletea. Karatasi itakulazimisha utulie, maana tangu uzaliwe hujawahi kutulia.

Vijana wenu wamefika. Wako wanne, na mashine mbili za kupiga picha karatasi, na nyaya za kutosha kuanikia mashuka ya wodi nzima. Wameniamkia vizuri, siwezi kusema uongo, adabu wanayo. Lakini meza niliyoikalia miaka ishirini na sita wameisukumia ukutani bila kuniuliza. Kisha mmoja akaniuliza, "Mama, hivi humu faili huwa mnazipataje?" Nikamwambia anitajie mtu yeyote. Akamtaja yule fundi viatu anayekaa getini, aliyekuwa amemshonea soli asubuhi hiyo hiyo. Nikaenda rafu ya tatu, nikarudi na faili kabla hajafunga mdomo. Wakacheka. Mimi sikucheka.

Wauguzi wanasema mfumo wa kompyuta ukishawaka, masjala inafungwa. Wewe uko kwenye mradi huu, tena meza yako inatazamana na ya meneja. Nakuuliza swali moja na nataka jibu moja: chumba changu kitabaki? Nimekulea kwa kazi ya chumba hiki, Chiriku. Nina haki ya kujua.

Dada yako,
Mama Faili (ndivyo wanavyoniita huku, hata Mganga Mkuu)


Makao Makuu, ghorofa ya tano
Machi 11

Shikamoo dada,

Nimetulia. Nimekaa, nimezima simu, nimeshika kalamu kama mtu wa zamani. Unaona?

Nina habari ya kujivunia kidogo, univumilie. Mwongozo wanaoufuata hao vijana nimeuandika mimi, ukurasa kwa ukurasa. Hospitali kumi na nne zinautumia. Meneja ameusoma mbele ya kikao akasema hajawahi kuona mwongozo ulionyooka namna hiyo. Nilitamani uwepo, uone sura za wale waliodhani siwezi.

Kuhusu swali lako, usisikilize maneno ya koridoni. Hakuna mtu atakayeachwa. Mambo yatabadilika kidogo, kama yanavyobadilika kila mahali, lakini watu wazoefu kama wewe ndio hasa tunaowahitaji.

Sasa na mimi nina swali, la kikazi kabisa. Kila hospitali ina mambo yake ambayo hayajaandikwa popote. Mahali fulani tulikuta faili za wajawazito zinawekwa kichwa chini ili zionekane haraka, na kama mhudumu mmoja asingetuambia, tungezipanga vizuri na kuharibu kila kitu. Kuna lolote la namna hiyo kwako? Niambie hata kama ni dogo, nitaliingiza kwenye mfumo.

Mdogo wako,
Chiriku


Masjala
Machi 19

Chiriku,

Hukunijibu. Umelizunguka swali langu kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Jumatatu amekuja seremala na futi yake, akapima dirisha ninalopokelea wagonjwa. Nimemuuliza anapima nini. Akasema, "Mama, mimi nimeambiwa nipime tu." Mtu mzima hapimiwi dirisha lake bila sababu.

Rafu ya kwanza imekwisha, ya pili wako katikati. Wanavua majalada, wanang'oa pini, wanakata nyuzi, wanatupa ndooni, halafu karatasi zinapita kwenye mashine moja moja. Majalada yanachukuliwa na lori, yanakwenda kusagwa. Nikiwauliza kwa nini wanakata, wote wanne wananijibu kwa pamoja: "Ukurasa wa nne, mama." Mama wa usafi peke yake ndiye anayefurahi, anaokota nyuzi anatia kwenye gunia, anasema zitamfaa kufungia mafagio.

Uliniuliza mambo yasiyoandikwa. Nitafikiria. Nijibu wewe kwanza.

Dada


Makao Makuu
Machi 26

Dada,

Naandikia gotini, tuko kikaoni na meneja anadhani nanukuu anayosema. Pini na nyuzi zinakwama kwenye mashine, ndiyo maana zinaondolewa, usiwagombeze vijana. Seremala simjui. Nikija Juni tutaongea vizuri, uso kwa uso. Tafadhali usijisumbue roho.

Chiriku


Masjala
Aprili 2

Hii sijui kama nitaituma.

Leo nimekabidhiwa barua rasmi. Masjala inafungwa tarehe thelathini Juni, chumba kinakuwa stoo, na mimi nastaafishwa kabla ya wakati kwa sababu ya "mabadiliko ya muundo". Nimeisoma mara tatu. Chini kabisa, pembeni, kwa herufi ndogo, kuna jina la aliyeiandaa na tarehe. Jina ni lako. Tarehe ni ya Januari.

Kwa hiyo ulipoandika kwamba hakuna atakayeachwa, ulikuwa umeshaniacha.

Uliuliza kama kuna jambo lisiloandikwa. Lipo. Zile nyuzi nyekundu si za kufungia karatasi. Faili yenye uzi mwekundu kwenye kona ya jalada ni ya mtu ambaye dawa fulani inamkataa, dawa ya kawaida tu inayowaponya wengine na kumuua yeye. Muuguzi akiona uzi anasimama. Anasoma ndani, anamwita daktari, au anakuja kuniuliza. Kila sista mpya anaambiwa hivyo siku ya kwanza, kwa mdomo. Wagonjwa wengine walininong'oneza dirishani tu, wana haraka, sikuandika popote, nilifunga uzi na kukumbuka. Hakuna aliyeona haja ya kuandika, maana uzi ulitosha.

Nilianza na faili ya mama. Wewe ulikuwa darasa la pili, ukaambiwa mama amekufa kwa homa. Mama alikufa kwa sindano, Chiriku. Ilikuwa imeandikwa ukurasa wa tisa kwamba asichomwe. Ile faili niliitoa mimi, kwa mikono hii, nikaipeleka wodini mbio, nafurahi kwamba nimeipata haraka. Hakuna aliyefika ukurasa wa tisa. Niliporudi kazini baada ya mazishi nilikwenda kwa fundi cherehani nikaomba uzi, nikaifunga, ingawa haikuwa na faida tena kwa mtu yeyote. Halafu nikaanza kuuliza watu wengine.

Nikikwambia leo, utasimamisha mashine kesho. Sikwambii. Acha mfumo wenu ujikwae kwanza. Waje wenyewe wapige hodi kwa Mama Faili, hapo ndipo nitawaeleza.

Dada


Makao Makuu
Aprili 26

Dada,

Nimekupigia mara kumi na moja hupokei. Nimemwomba dereva aje leo ingawa si Alhamisi.

Asubuhi nimewekewa mezani taarifa ya tukio kutoka kwenu. Fundi viatu wa getini, yule uliyeniandikia. Imeandikwa kwamba aliletwa na wapita njia akiwa na homa kali, haongei, macho yamegeuka. Sista alifungua mfumo, akamwona, akaona hakuna onyo lolote, akamchoma sindano. Dakika chache baadaye koo lilifunga. Taarifa haisemi kama yuko hai. Inasema "hali inafuatiliwa".

Sista ameandika sentensi moja ambayo ofisi nzima imeisoma na hakuna aliyeielewa: "Nilitazama kwenye kompyuta, hakukuwa na uzi." Meneja ameniuliza, uzi gani? Nimesema sijui, halafu ghafla nimekumbuka gunia la mama wa usafi.

Uzi gani, dada?

Chiriku


Masjala
Aprili 29

Chiriku,

Anapumua. Naanza na hilo ili usome mengine umetulia. Siku tatu alikuwa kwenye oksijeni, leo ameshika kikombe mwenyewe akanywa maji.

Nilikuwa nimekaa kati ya rafu tupu, mikono mapajani, sina kazi. Nikasikia magurudumu ya kitanda koridoni nikachungulia. Nikamwona. Faili yake naijua, rafu ya tatu, uzi nilimfunga mimi. Nilikimbia. Na magoti yangu haya, nilikimbia hadi chumba cha sindano nikamkuta sista ameshachomoa. Akanitazama, akasema, "Mama Faili, kompyuta imesema hana neno." Msichana yule hana kosa hata moja, nataka uliandike hilo mahali.

Ndani kuna bahasha ndogo. Ni barua niliyokuandikia tarehe mbili nikaifungia kwenye droo. Isome, kisha ufanye utakavyoona. Uliniuliza mwezi wa tatu, kwa maandishi, ukasema hata kama ni dogo. Nami nilijua nikanyamaza, kwa sababu ya hasira. Nilitaka mfumo ujikwae. Sikufikiria kwamba atakayeanguka ni mtu.

Simu sikupokea kwa aibu.

Dada


Makao Makuu
Mei 4

Dada,

Nimeisoma chooni, maana ofisi yetu ni vioo vitupu na sikutaka watu wanione.

Barua hii nimeianza mara nne. Ya kwanza ilikuwa matusi. Nimekukasirikia, dada, nimekukasirikia mpaka kichwa kinauma. Miaka ishirini na moja umeniacha niamini homa. Nilikuwa nikipata homa nikiwa mtoto naogopa kulala, unakumbuka? Ulikuwa unakaa kando ya kitanda unasema haitaniua, nami nilikuwa najiuliza umejuaje. Kumbe ulijua.

Halafu nimefungua mwongozo wangu ulionyooka, ukurasa wa nne. "Ondoa pini, nyuzi na chochote kisicho karatasi." Sentensi hiyo niliiandika kwa dakika moja, nikajipongeza kwamba ni fupi. Sikuuliza nyuzi zinafanya nini hapo. Na barua ya Januari ni yangu pia. Niliambiwa niiandae, niliona cheo na hospitali nikajua ni wewe. Ningeweza kukuambia siku hiyo hiyo. Niliogopa, nikajificha nyuma ya maneno matamu. Tumedanganyana vizuri, mimi na wewe, na aliyelipia alilala siku tatu kwenye oksijeni.

Nimemweleza meneja kila kitu, mwongozo na barua zote mbili, ya Januari na hii yako ya droo. Mashine zimesimamishwa hospitali zote kumi na nne. Mimi nimeondolewa kwenye mradi, sijui nitapelekwa wapi. Wewe umeshastaafishwa, kwa hiyo sijui watakutisha kwa kitu gani tena.

Sasa kazi. Mafundi wameweka alama nyekundu kwenye mfumo, inajaa kioo kizima, huwezi kuipita bila kuibofya. Lakini iwekwe kwa nani? Majalada yameshasagwa. Kurasa za ndani ni zaidi ya laki tatu, vijana wameanza kuzisoma moja moja na hawatamaliza mwaka huu, na wale walionong'oneza dirishani hawamo kabisa. Waliomo kichwani mwako tu, hakuna mashine ya kuwatoa. Kumbuka, dada. Wote. Sijakusamehe, lakini kumbuka.

Chiriku


Masjala
Mei 28

Chiriku,

Orodha hiyo hapo, kurasa saba.

Nimefanya hivi. Mama wa usafi amenirudishia gunia, alikuwa hajafunga hata fagio moja, Mungu ambariki kwa uvivu wake. Tumemwaga nyuzi mezani na kuhesabu mafundo, maana uzi unakatika lakini fundo langu halifunguki. Tumehesabu mara tatu. Mafundo mia mbili na kumi na moja. Baada ya hapo nimetembea kwenye rafu tupu, rafu kwa rafu, mkono ukigusa mbao, na kila nilipofika mahali pa faili yenye uzi mkono ulisimama wenyewe. Yule mama mwenye mapacha. Dereva wa basi la shule. Mtoto wa mhunzi, ambaye sasa ni baba wa watoto. Mganga Mkuu alikuja mlangoni akanitazama, nafikiri alidhani akili imeruka, akaondoka.

Nimewapata mia mbili na kumi. Mmoja hanijii.

Nimepita rafu zile mara tisa. Nikiwa nafua nguo nasimama, nikiwa naongea na watu napotea katikati ya sentensi. Ni mwanamke au mwanamume sijui. Uzi mmoja umenibakia mkononi na haunielezi kitu.

Fundi viatu ametoka wodini. Alinitania, akasema nimfunge uzi shingoni kabisa sasa. Nilishindwa kucheka. Nilivuta kibao nikakaa karibu yake getini nikamwambia ukweli, kwamba nilijua nikanyamaza. Alikuwa anagonga msumari kwenye kisigino. Akaendelea kugonga. Tangu siku hiyo nikipita hainui macho.

Dada


Makao Makuu, ghorofa ya chini
Juni 12

Shikamoo dada,

Nimehamishiwa ghorofa ya chini, kitengo cha malalamiko. Hakuna vioo. Nasikiliza watu siku nzima wakieleza walichobadilishiwa bila kuulizwa, na nakuwazia wewe na meza yako.

Vijana wameweka alama kwa wote mia mbili na kumi. Wiki iliyopita alama ilimzuia sista mmoja huko kwenu, kwa yule dereva wa basi la shule. Ameniandikia kushukuru. Nimempa majibu kwamba amshukuru Mama Faili.

Dada, kuhusu huyo mmoja nimefikiria sana, na nadhani nimempata. Umewahesabu wagonjwa. Umetembea kwenye rafu ukitafuta watu wa kuokoa, watu wanaotembea, wenye watoto na kazi. Lakini uzi wa kwanza kabisa ulimfunga mtu ambaye hakuhitaji kuokolewa tena. Nimeipitia orodha yako, kurasa zote saba. Mama hayumo.

Ni mama, dada. Ulimsahau kwa sababu kwako mama hajawahi kuwa faili. Fundo la mia mbili na kumi na moja ni lake. Hakuna mtu aliye hatarini. Lala sasa, tafadhali. Nimechoka kukukasirikia, na nakuja Alhamisi ya kwanza ya Julai na gari la makao makuu.

Mdogo wako,
Chiriku


Masjala
Juni 30

Chiriku wangu,

Barua yako niliisoma nimesimama dirishani. Nimelia, sikufichi. Najua ulikuwa unanitafutia mahali pa kupumzika, na hakuna mtu aliyewahi kunifanyia hivyo.

Lakini uzi wa mama ni wa zambarau. Siku ile fundi cherehani hakuwa na mwekundu. Gunia lilipomwagwa niliuona kabla ya mwingine wowote, nikauchukua kabla hatujaanza kuhesabu, na tangu hapo uko kwenye pochi yangu. Ukija nitakuonyesha. Kwenye orodha sikumwandika kwa sababu hahitaji alama.

Kwa hiyo mtu yupo. Yuko hapa hapa mjini, anakwenda sokoni, anacheka na watu, aliniambia siri yake dirishani akaamini nimeihifadhi.

Nimemwomba Mganga Mkuu aniache dirishani mpaka siku ya mwisho, na kuanzia kesho anipe kiti koridoni. Amekubali, sijui kwa huruma au kwa kuogopa nitakavyofanya akikataa. Kila anayeingia hospitali hii namuuliza: kuna dawa inayokukataa? Wengine wananijibu. Wengine wanaona bibi amechanganyikiwa. Jana nimeuliza watu mia na arobaini.

Fundi viatu alikuja juzi. Hakunisalimia. Alipanga foleni kama mtu yeyote, na alikuwa na watu ishirini mbele yake. Alipofika dirishani nilimuuliza kama nilivyowauliza wenzake. Akasema, "Ipo." Akaitaja dawa yenyewe, polepole, ili niandike vizuri. Nikaandika, ingawa yumo. Akaondoka.

Njoo Alhamisi, na uje na viatu vya kukimbilia, koridoni kuna milango miwili na mimi nina miguu ya mtu mmoja.

Naishia hapa kwa sababu seremala ameingia na vifaa vyake kung'oa dirisha. Nimemuuliza na yeye. Ameweka futi chini, anafikiria.

Dada